Bibi mdogo ana miaka 91, nikimuuliza habari za safari ananyamaza. Nimrudie vipi?

Kitukuu_1913

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie maana hili jambo limenikaa kichwani mwezi wa tatu sasa. Upande wa mama sisi ni watoto wa wahamiaji. Baba yake bibi yangu aliingia New York 1913 peke yake, nia ilikuwa apate kazi alafu amwite mke, mwaka uliofata vita kuu ya kwanza ikalipuka, yeye kule mke kabaki walikotoka, wakaja kuonana tena 1921. Miaka nane! Hayo nayajua kwa mama, naye kayapata kwa bibi, na bibi alishatutoka zamani.

Wa kizazi kile kabaki mmoja tu, bibi mdogo, mziwanda wao. Kazaliwa 1934 wazazi wameshatulia huko Marekani, ana miaka 91, akili iko vizuri kabisa ila masikio ndo yamepungua.

Basi nikaenda kwake. Nilijiandaa haswa, maswali arobaini nimeyaprinti, simu ya kurekodi nimeiweka mezani mbele yake. Wazazi wako walizaliwa mwaka gani? Sijui. Kijiji gani? Wao walikuwa wanasema nyumbani tu. Meli gani? Zamani hizo mjukuu wangu. Nikafika swali la kumi na ngapi sijui, nikamuuliza mama yenu alipokuja 1921 alikuja na nani. Hapo akanyamaza. Na sio kunyamaza kwa mtu anayetafuta kumbukumbu, hapana, aligeuza uso akaangalia dirishani, baadae akasema amechoka apelekwe akalale. Mpaka leo roho inaniuma, naona kama nilimhoji kipolisi.

Orodha ya abiria ya hiyo 1921 nadhani nimeipata. Jina la mama yao lipo, umri unakaribia, ila jina la ukoo limeandikwa tofauti na letu la sasa, nyumbani wanasema karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, ndo alilibadilisha. Chini ya jina lake kuna mstari mwingine umekatwa kwa wino, nadhani karani alikosea akafuta. Sasa nimrudie vipi bibi bila kumuumiza, na nitajuaje kama hiyo orodha ni ya kwetu kweli?

Mtunza_Picha

Pole mkuu, ila usijilaumu sana, wengi tumeanzia hapo hapo kwenye karatasi la maswali. Mimi nilimfanyia hivo mjomba wake mama, nikaambulia ndio na hapana saa nzima.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mzee hatunzi tarehe, anatunza watu na mahali. Ukimuuliza mwaka umemuita kwenye mtihani, akikosa mawili matatu anaona haya, anajifunga, hata alichokuwa anakijua hakitoki tena. Lakini muulize chumba cha watoto mlikuwa mnalala wangapi, kitanda kilikuwa upande gani, nani alikuwa analala ukutani. Hapo anakujengea nyumba nzima na watu wake wote ndani, na humo humo unaweza kumkuta mtu ambaye hukuwahi kumsikia.

Kingine, wanaochunguza kumbukumbu za wazee wameona mambo ya umri wa miaka kama 10 hadi 30 ndo yanayobaki kwa wingi kuliko ya umri mwingine. Kwa bibi yako hiyo ni kama 1944 hadi 1964. Wewe umemuanzishia 1913 ambako hata hajazaliwa! Ya 1913 na 1921 hakuyaona, aliyasikia, kwa hiyo muulize alivyoyasikia. Mama yao alikuwa anasimulia akiwa anafanya nini? Barua zikija kutoka kule nani alikuwa anasoma kwa sauti, na zikishasomwa zinawekwa wapi, na mama anakuwaje siku hiyo? La barua usiliache kabisa. Mtoto mdogo anaweza asielewe neno hata moja la barua ila uso wa mama yake akisoma hausahau.

Daftari acha nyumbani. Beba picha, tena zichapishe kubwa kubwa maana macho ya miaka 91 hayawezi kuhangaika na picha ya vidole viwili, na uangalie nyuma kama kuna muhuri wa studio, muhuri una mji. Ukimpa picha usimwambie huyu si ndo mjomba fulani, muulize tu huyu nani alafu nyamaza. Ukimtilia jina mdomoni atalirudisha jina lako na wewe utaondoka nalo ukidhani ni ushahidi. Akikosea mwaka usimsahihishe, utauweka sawa mwenyewe kwenye karatasi. Na ukimya wake uuvumilie, hesabu hata mpaka ishirini, sisi vijana tunaona kimya tunarukia swali jingine kumbe mwenzako ndo kwanza anafika.

Alafu nenda mara nyingi muda mfupi mfupi, dakika arobaini zinatosha. Mambo mengi niliyapata ziara ya pili, maana ya kwanza inaamsha, usiku mzee analala nayo, kesho yake anakupigia mwenyewe kwamba nimemkumbuka yule mtu.

Mpekuzi_wa_Karatasi

Mwenzangu hapo juu kamaliza upande wa bibi, mimi nije kwenye karatasi.

Kwanza la jina. Hiyo habari ya karani kubadilisha jina iko kwenye familia nyingi mno zilizopita Ellis Island na haiko hivyo, nisamehe kama naivunja ya nyumbani kwenu. Kituo kilifunguliwa Januari 1892 kikafungwa Novemba 1954, wamepita pale watu kama milioni 12, na orodha za abiria hazikuandikwa pale. Ziliandikwa na makarani wa kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea. Mkaguzi wa Ellis Island alikuwa na karatasi ile ile mkononi, anamuita mtu kwa jina lililoandikwa, anamuuliza na kulinganisha majibu, na wakalimani walikuwepo. Majina yalibadilika baadae, kazini, shuleni, kwenye maombi ya uraia, na mara nyingi wenyewe ndo waliamua. Kwa hiyo jina kuwa tofauti kwenye orodha yako sio dalili mbaya hata kidogo, yawezekana ndo jina walilotoka nalo nyumbani. Siku ukienda kwa bibi lisome kwa sauti ya juu, taratibu, uone anavyolipokea.

Kuthibitisha kama ni wa kwenu. Tangu sheria ya 1907 orodha zina safu ya jina na anuani ya ndugu wa karibu aliyebaki kule abiria alikotoka, na kuna safu nyingine ya mtu anayemwendea, undugu wao na anuani yake. Orodha za miaka hiyo zinakaa kurasa mbili, kushoto na kulia, na wengi wanasoma ya kushoto wanafunga, yaani wanaacha nusu ya habari. Chukua anuani ya mume kwenye hiyo safu uiweke kando ya sensa ya 1920, anatakiwa awe pale pale au jirani, au aonekane alihama. Sensa za 1900 mpaka 1930 zote ziliuliza mtu kaingia nchini mwaka gani. Ikipishana mwaka mmoja miwili usiitupe, watu walikuwa wanakadiria na mara nyingine aliyejibu ni jirani. Sensa zao zinafungiwa miaka 72, ya mwisho kufunguliwa ni ya 1950, ilifunguliwa 2022, humo bibi yako mwenyewe utamkuta binti wa miaka 15 au 16. Hizi zote unazipata FamilySearch, tovuti ya kutafuta habari za ukoo, bure, unafungua akaunti tu.

Faili la tajnisi, yaani la mgeni kupewa uraia, tafuta la mume. Kama aliupata uraia kabla ya Septemba 1922 mke alikuwa anafata uraia wa mume moja kwa moja, hakuwa na faili lake, kuna watu wanapoteza miaka wanatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

La mwisho ndo limenifanya niandike yote haya. Huo mstari uliokatwa. Karani hakukosea mkuu. Orodha iliandaliwa kabla meli haijang'oa nanga, wanaandikwa wote waliokata tiketi, na jina likikatwa mstari mzima kwa kawaida maana yake mtu huyo hakupanda. Rudi usome kilichoandikwa chini ya huo wino. Jina, umri, jinsia.

Kitukuu_1913

Nimerudi kuangalia sasa hivi hata kuandika nashindwa vizuri. Ni mwanamke. Miaka 8. Jina la ukoo lile lile. Kwenye safu ya ndugu aliyebaki kaandikwa mama mzazi wa mama yao. Anayemwendea mama yao ni mume, na anuani niliyoikuta inafanana na ya sensa ya 1920.

Miaka 8 mwaka 1921 ina maana kazaliwa mwaka ule ule baba yao alioondoka au uliotangulia. Nimempigia mama, hajawahi kusikia. Bibi yangu mwenyewe aliishi mpaka akafa hakulitaja hilo jina mbele ya mtu yeyote.

Damu_Moja

Mpime bibi DNA mapema iwezekanavyo, ya mate tu haina maumivu. Wewe na yeye mnachangia kama sehemu moja ya nane, lakini yeye ana nusu nzima ya kila mzazi wake, kwa hiyo kipimo chake kinafika mbali kuliko chako mara nyingi. Na huyo binti kama ni dada yake wa baba na mama na akaishi akazaa, watoto wake ni kama robo na bibi yako, wakiwa kwenye kanzidata wanatokea juu kabisa, hamna kubahatisha.

Dada_wa_Bandarini

Damu_Moja hesabu zako ziko sawa ila naomba hilo lisubiri kidogo. Huyu mama ana miaka 91 na kaulizwa swali moja tu akageukia dirishani. Ukimletea kichupa cha mate kabla hajafungua mdomo utakuwa unachukua kwake kitu ambacho hajakitoa. Akija kukubali baadae baada ya kuelezwa vizuri kinaweza kufunua nini, sawa kabisa.

Kitukuu, sijui ya kwenu ilikuwaje na nisingependa nikutungie. Ila mtoto wa miaka 8 kubaki bandarini jambo moja lililotokea sana ni macho. Madaktari wa Marekani walikuwa wanapindua kope za kila mtu kutafuta trakoma, ule ugonjwa wa vikope, mwenye nao anarudishwa. Sheria ya 1903 ikaanza kuzipiga kampuni za meli faini ya dola 100 kwa kila abiria waliyemleta na ugonjwa wa kuambukiza ambao ungeonekana kabla ya safari, ndo kampuni zenyewe zikazidi kukagua kabla watu hawajapanda. Sasa piga picha mama huyo. Mume hajamuona miaka nane, tiketi imeshakatwa, anaambiwa wewe panda mtoto hapana. Sheria ya kwota, yaani kikomo cha wahamiaji kwa kila nchi, ilipitishwa hiyo hiyo 1921 mwezi wa tano, 1924 ikaja sheria kali zaidi, na aliyedhani atamfata mtoto mwakani akakuta mlango umebaki upenyo. Mambo ya namna hii mama hasimulii mezani, na watoto wanajifunza kutokuuliza.

Kwenye ukoo wa mume wangu ukimya ulikuwa wa aina nyingine. Ni Wachina, babu yao aliingilia Angel Island, ile ya ghuba ya San Francisco iliyofanya kazi 1910 mpaka 1940. Sheria ya 1882 iliwazuia karibu Wachina wote wa kazi za mikono, alafu 1906 tetemeko na moto vikateketeza rekodi za vizazi za jiji, ikawa mtu anaweza kudai kazaliwa Marekani na ana watoto wa kiume kule China, na nafasi za hao watoto zikauzwa. Babu yao alikuwa mtoto wa makaratasi, alibeba jina la familia isiyo yake maisha yake yote. Walikuwa wanahojiwa mpaka ngazi za nyumba ni ngapi na kisima kiko upande gani, wanakariri majibu wakiwa melini. Mtu aliyepita hapo ukimuwekea karatasi la maswali na kinasa sauti mezani unamrudisha kwenye chumba kile. Watoto wake walijua jina la kweli akiwa anaumwa, siku za mwisho, tena alimwambia mjukuu sio wao.

Ndo maana nakuomba usiende na ile orodha ukamuwekea bibi mbele kama kielelezo cha mahakamani. Anajua kilichopo chini ya huo wino kuliko wewe. Muulize mambo ya watu walio hai kwenye kumbukumbu yake, akitaka mwenyewe ataufungua. Na mwambie kabisa kabla, bibi ukisema hili libaki kwetu wawili litabaki, alafu utimize.

Fundi_Sauti

Mimi nina machache ya kurekodi tu. Simu ilaze kwenye kitambaa, mezani peupe inanasa kila kugusa meza, iwe karibu na kifua chake ila pembeni asiione muda wote, na iweke hali ya ndege isije ikaita katikati. Mwombe ruhusa kwanza, usimfiche hata kama unaona angekubali. Mwanzo taja tarehe na majina yenu. Kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, mwanga uwe usoni kwako aone midomo, zima redio na feni. Akianza kuongea lugha ya wazazi wake mwache aongee hata kama huelewi, usimkatishe akutafsirie, tafsiri utaitafuta miaka kumi ijayo ila sauti hutaipata tena. Ukifika nyumbani nakili sehemu mbili siku hiyo hiyo. Mimi rekodi ya baba mkubwa ilikaa kwenye simu moja ikaharibika na sina tena.

Kitukuu_1913

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu, nimeenda mara nne.

Mara mbili za kwanza hatukugusa kabisa mambo ya safari. Kaniambia kazi yake ya kwanza, rafiki yake waliyekuwa wanapanda naye basi, baba yao alivyokuwa anakunja gazeti. Niliona kama napoteza muda ila nikakumbuka mlichosema nikakaa kimya.

Ya tatu nikampelekea picha, ile ya mama yao ameketi na watoto watano wamesimama, bibi mdogo ndo huyo wa miguuni. Nikamuuliza swali la Mtunza_Picha, mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja. Akanipanga vitanda vyote kwa kidole juu ya picha. Alafu akasema, mama alikuwa anatuhesabu kila usiku kabla ya kuzima taa, anapita na kidole hivi, anahesabu mpaka sita. Sisi tulikuwa watano.

Sikusema kitu. Naapa nilikuwa nataka kusema kila kitu ila nikabana.

Akaendelea mwenyewe. Alikuwa na miaka sita hivi alipomuuliza dada yake mkubwa, ambaye ndo bibi yangu mimi, mbona mama anakosea kuhesabu, akamziba mdomo na mkono akamwambia wa kwanza yuko kwa bibi, usimuulize mama. Macho ndo yalimzuia, Dada_wa_Bandarini ulisema sawasawa, kwa alivyokuja kuelezwa ni kwamba waliambiwa yakipona atafata. Barua zilikuwa zinakuja mara moja moja, na moja ilikuwa na karatasi ndogo ndani yenye mkono umechorwa kwa penseli kuzunguka vidole, wa yule dada, ili mama aone umekua kiasi gani. Mama yao aliiweka ndani ya kitabu cha sala. Barua ya mwisho ilikuja kabla ya vita ya pili, baada ya hapo hamna kitu, na hiyo karatasi hajui iko kwa nani. Alilia kidogo, akaniambia sio kwa ajili yako, nililia hivi hivi na dada yangu mara moja tu 1960 tulipomzika mama, hatukurudia tena.

Nikamuuliza kama niache. Akasema hapana, imebaki mimi nikiondoka atahesabiwa na nani.

Ziara ya nne, juzi, nikamwambia bibi mimi jina lake nimelikuta kwenye karatasi. Akanyoosha mgongo, nisomee. Nikasoma. Akasema sivyo, halitamkwi hivyo, akalitamka yeye, akanirudisha mpaka nikapatia, hiyo ipo kwenye rekodi na nimeshanakili sehemu mbili. Kaniruhusu niwaeleze habari yenyewe ila jina libaki nyumbani, kwa hiyo silitaji hapa.

Mpekuzi nina swali kwako, matamshi ya bibi na herufi za karani vinapishana mbali kidogo, kule alikobaki nitafute kwa lipi kwanza? Na kama aliolewa? Nijibu ukipata nafasi maana Ijumaa narudi kwake, kanituma nije na ile karatasi yenyewe nimeichapisha kubwa, anataka kuuona huo mstari.